Ngano Ndani ya Shairi: Haji Gora Haji na Urithi wa Fumbo Kisiwani Unguja

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Haji Gora Haji (1933–2021), mshairi na msimulizi wa ngano kutoka Tumbatu, alivyoijenga kazi yake ya ushairi juu ya msingi wa ngano. Hoja kuu ni kwamba fumbo katika ushairi wake si pambo la lugha, wala si kificho cha siasa peke yake. Ni mbinu ya msimulizi anayeacha sehemu ya maana mikononi mwa hadhira. Kwa kuitegemea hoja hiyo, makala inahoji desturi ya kulifumbua shairi la “Kimbunga” kwa jibu moja, kisha inaeleza ni sehemu zipi za urithi wa mtunzi huyu ambazo kitabu peke yake hakiwezi kuzihifadhi.

Utangulizi

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Tangu hapo neno “urithi” limezoeleka mjini kwa maana ya jengo: mlango wa nakshi, baraza, ukuta wa mawe na chokaa. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka Disemba 2020, hasara ilionekana kwa macho na kila mtu aliizungumza. Mwaka uliofuata alifariki Haji Gora Haji. Hasara hii ya pili haikuacha kifusi. Walioitambua ni wale waliokuwa wakijua kuwa katika kichwa cha mzee yule mlikuwa na ngano, nyimbo na msamiati wa bahari ambao sehemu yake tu ndiyo iliyokuwa imeandikwa.

Haji Gora alizaliwa mwaka 1933 katika kisiwa cha Tumbatu, kaskazini-magharibi ya Unguja, ng’ambo ya Mkokotoni. Alihamia mjini angali mtoto, na elimu yake ya mwanzo ilikuwa ya chuoni, mbele ya mwalimu wa Kurani. Ukubwani alifanya kazi za bahari, za uvuvi na za vyombo. Alitunga nyimbo za ngoma na za taarab, akasimulia ngano, na alikuwa amekwisha kuvuka miaka 60 pale Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipochapisha diwani yake ya Kimbunga mwaka 1994. Miongoni mwa kazi zake nyengine zilizochapishwa ni utenzi wa visa vya Nabii Suleiman bin Daudi, Kamusi la Kitumbatu (2006), riwaya ya Siri ya Ging’ingi (2009) na diwani ya Shuwari (2019).

Miaka hiyo ina jambo la kutuambia. Mtunzi huyu alifika katika kitabu akiwa amekwisha kukomaa kama fanani. Hakujifunza kutunga kwa kumwazia msomaji aliyekaa peke yake na diwani mkononi. Alijifunza mbele ya watu. Mulokozi (1989), katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba fasihi hiyo ni tukio, na kwamba fanani, hadhira, fani, mahali na wakati hushirikiana kuipa maana. Mara nyingi maelezo hayo hunukuliwa katika sura ya pili ya tasnifu na kusahauliwa katika sura ya nne, ambamo mashairi ya mtu kama Haji Gora hukatwakatwa kuwa dhamira, wahusika, mandhari na tamathali za usemi, kana kwamba yaliandikwa mezani tangu mwanzo. Makala hii inajaribu kwenda njia nyengine: kuanza na ngano, kisha kulisogelea shairi.

Simba wa kisiwa kisicho na simba

Mtu akizisikiliza ngano za Unguja kwa makini, jambo la kwanza la kushangaza ni wanyama wake. Simba yumo, fisi yumo, tembo yumo. Wote hao hawaishi porini Unguja. Wanyama wa kisiwa ni wengine: kima punju wa Jozani, paa nunga, na chui wa Unguja ambaye huhesabiwa kuwa ametoweka na ambaye watu wa mashamba walimhusisha na wachawi waliosemekana kumfuga. Chui huyo, aliyekuwa mnyama wa kweli na wa kutisha kweli, alibaki katika minong’ono ya uchawi, ilhali simba, ambaye wasikilizaji wengi walimjua kwa jina tu, ndiye aliyekalia kiti cha ufalme katika ngano.

Hali hii si upungufu wa maarifa ya wanyamapori. Inaonesha kwamba hadhira ya Unguja ilipokea mnyama wa ngano kama alama tangu neno la kwanza. Msimulizi anaposema “Paukwa!” na kujibiwa “Pakawa!”, mkataba umekwisha kufungwa: simba atakayetajwa si simba, na kila aliyehudhuria atamtafutia mwenyewe. Mwengine atamwona mume wake, mwengine sheha, mwengine tajiri wa shamba la jirani. Msimulizi hasemi ni nani, na hana sababu ya kusema. Akimtaja, ngano imekufa na masengenyo yamezaliwa.

Ngano hizo pia zilisafiri sana kabla ya kufika barazani. Edward Steere, padri wa misheni ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi alizozipata kwa watu wa Zanzibar. Mojawapo ni kisa cha kima na papa. Kima aliishi juu ya mkuyu mkubwa uliotanda upande wa nchi kavu na upande wa bahari, akila matunda na kumtupia rafiki yake papa. Papa akamwalika kwao, na walipofika mbali akamwambia kuwa sultani wao mgonjwa anahitaji moyo wa kima. Kima akajibu kwamba watu wa aina yake huiacha mioyo yao mitini wanaposafiri. Wakarudi kuuchukua, akapanda, akakaa, hakushuka tena. Kisa hicho hicho kimo katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikiingiza katika Kiarabu katika karne ya 8, na asili yake ni India. Katika Kiarabu rafiki wa kima ni kobe na mti ni mtini. Unguja imemfanya kobe kuwa papa, na mtini imeugeuza mkuyu, ambao ni wa jamii hiyo hiyo ya miti. Marekebisho hayo yalifanywa na wasimulizi ambao jalada la kitabu halina majina yao. Jina lililobaki hapo ni la mkusanyaji.

Tumeutaja mkuyu kwa makusudi, kwa sababu utatuhitajia tutakapofika Siyu.

Kimbunga, Siyu na mikuyu

Shairi lililobeba jina la diwani ya 1994 ndilo linalofahamika zaidi katika kazi za Haji Gora. Kwa ufupi, linaeleza kimbunga kilichowahi kuufikia mji wa Siyu. Kiling’oa mikuyu, lakini minazi ikanusurika. Chura alikausha mto. Mambo yalikwenda kinyume na vipimo vyake vya kawaida, na nyoyo za watu zikajaa fadhaa. Muundo wake ni wa kimapokeo, wenye vina na mizani iliyotimia, na sauti yake ni ya mtu anayesimulia jambo lililokwisha kutokea, bila ya kulitolea hukumu.

Ufumbuzi unaosikika zaidi ni kwamba kimbunga ni Mapinduzi ya Januari 1964. Mikuyu ni wakubwa waliong’olewa, minazi ni wanyonge waliosalia, na Siyu ni Zanzibar iliyovishwa jina jengine. Ufumbuzi huu una nguvu, na hatuna nia ya kuukana. Mzanzibari wa umri wa Haji Gora hawezi kutamka neno “kimbunga” bila ya mwaka huo kupita akilini mwa wanaomsikiliza. Tatizo linaanza pale ufumbuzi unapogeuzwa ufunguo, na kila ubeti ukalazimishwa kuingia katika kufuli moja.

Tuanze na miti yenyewe. Unguja, mnazi haukuwa mti wa mnyonge. Mashamba ya wenye ardhi yalihesabiwa kwa minazi na mikarafuu, na utajiri wa familia kubwa ulipimwa hivyo. Mkuyu, kinyume chake, haukupandwa kwa biashara. Ulikuwa mti wa kivuli, wa mapepo, wa ngano. Ikiwa kimbunga ni Mapinduzi yaliyowaondoa wenye mashamba, basi mti wa shamba ndio uliopaswa kuanguka. Katika shairi ndio uliosalia. Mhakiki anaweza kujibu kuwa mtunzi alizingatia unene na kimo, si uchumi: mkuyu una shina nene na mizizi mipana, mnazi ni mwembamba na hupinda. Jibu hilo linakubalika, ila linatuhamisha kutoka katika historia na kutuingiza katika ngano, ambamo mnene huanguka na mwembamba hupona, kama sungura anavyomshinda simba.

Halafu kuna kimbunga cha kweli. Aprili 1872 Unguja ilipigwa na dhoruba kubwa iliyozamisha vyombo na kuangusha mikarafuu na minazi kwa wingi, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Dhoruba hiyo ilibadili uchumi wa visiwa viwili hivi, kwani ndipo Pemba ilipoanza kuipita Unguja kwa karafuu. Kwa hiyo katika kimbunga kilichotokea, minazi ilianguka. Katika kimbunga cha Haji Gora, minazi inasimama. Mtu wa bahari, aliyezijua pepo kwa majina yake, hakuwa na haja ya kufundishwa namna dhoruba inavyofanya kazi. Kama aliigeuza, aliigeuza kwa kujua, na kinyume hicho ndicho kinachomwashiria msikilizaji kwamba hapa hapasimuliwi habari ya hali ya hewa, wala habari ya mwaka wowote mmoja.

Na Siyu je? Mji huo uko katika kisiwa cha Pate, kaskazini ya mwambao wa Kenya. Ulijulikana kwa wanazuoni na mafundi wake, na kwa ukaidi wake mbele ya masultani wa Zanzibar: majeshi ya Sayyid Said yalishindwa kuutia mkononi katika miaka ya 1840, na haukunyenyekea mpaka 1863, wakati wa Sayyid Majid. Mhakiki mwenye shauku anaweza kujenga sura nzima juu ya mji mkaidi ulioanguka. Lakini kuna sababu nyengine, ya kawaida zaidi, ambayo wahakiki wa kimaandishi huiona haya kuitaja: kina. Jina la Siyu linaleta “-yu”, na “-yu” inaita mikuyu. Anayedhani kuwa maelezo haya yanalishusha hadhi shairi hajakaa na watunzi wa Unguja. Kwao kina si kizuizi kinachorukwa baada ya wazo kupatikana. Kina ni mojawapo ya njia ambazo wazo hupitia. Mtunzi alihitaji mji wa mbali, kama msimulizi anavyohitaji “hapo zamani za kale”. Sauti ikampa Siyu, na Siyu ikampa mkuyu, mti ule ule ambao kima wa ngano aliuacha moyo wake juu yake. Hatudai kuwa Haji Gora alikusudia kuikumbusha ngano hiyo. Tunachodai ni kwamba kwa hadhira iliyolelewa na ngano hizo, mkuyu uking’oka kuna zaidi ya kuni zinazoanguka.

Chura ndiye shahidi wetu mkubwa. Hakuna nafasi ya kumweka katika ufumbuzi wa 1964 bila ya kumlazimisha. Ni nani aliyekausha mto, na mto ni nini? Kila jibu linalotolewa hukwama katika ubeti mwengine. Katika ngano, hata hivyo, chura anayekausha mto hahitaji maelezo. Ni kiumbe mdogo aliyefanya jambo lisilolingana na kimo chake, na jambo hilo limewadhuru wengine wanaoishi kwa maji hayo, na yeye mwenyewe pamoja nao. Wasikilizaji watamtambua. Mwaka 1994, kitabu kilipotoka, Tanzania ilikuwa imekwisha kurejesha mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 na ilikuwa ikielekea uchaguzi wa Oktoba 1995. Msomaji wa Unguja wakati ule hakulazimika kurudi nyuma miaka 30 ili ahisi upepo. Msomaji wa leo naye ana vyura wake.

Tofauti kati ya fumbo na msimbo iko hapo. Msimbo una jibu, na jibu likipatikana karatasi inaweza kutupwa. Fumbo la ngano linafumbuliwa kila linaposimuliwa, na ufumbuzi wa jana hauondoi haki ya ufumbuzi wa leo. Mtahini anayemwuliza mtahiniwa “kimbunga kinawakilisha nini?” na kutarajia neno moja, amelifanyia shairi hili kile ambacho msimulizi alikiepuka kwa uangalifu mkubwa.

Anayesimama kutunza

Uthibitisho wa hoja hii hautoki katika ngano peke yake. Unatoka pia katika taarab, uwanja wa pili aliofanyia kazi Haji Gora. Unguja ina historia ndefu ya vikundi vya taarab: Nadi Ikhwan Safaa iliasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Katika vikundi hivyo kazi imegawanyika. Kuna anayetunga maneno, kuna anayetia muziki, na kuna anayeimba. Jina linalovuma ni la mwimbaji. Sauti ya Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, iliingizwa katika santuri Mumbai kuanzia mwaka 1928, na mpaka leo nyimbo zile huitwa nyimbo za Siti, ingawa kundi lake lilikuwa la watunzi na wapigaji kadhaa.

Kufichika kwa mtunzi wa maneno katika taarab si dhulma tupu. Kuna manufaa yake. Wimbo wa taarab huweza kuombwa na mtu mwenye ujumbe wake, kwa mpenzi, kwa jirani, kwa mke mwenza, na asingependa ijulikane ulikotoka. Mtunzi humvisha ujumbe huo nguo za ua, za ndege, za chombo kilichopotea njia. Ukumbini mwimbaji anapoufikia ubeti fulani, msikilizaji huinuka, hutembea taratibu mpaka mbele, humtunza mwimbaji kwa noti, na kwa mwendo wake, kwa jicho lake, huwaambia waliokaa kwamba ubeti huu ni wangu na aliyekusudiwa anajijua. Mtunzi hakumkusudia. Huenda wimbo uliombwa na mtu mwengine, miaka mingi nyuma, kwa ugomvi uliokwisha kusahaulika. Lakini kwa dakika ile maana imehamia kwa aliyesimama.

Aliyezoea kuyatungia mazingira kama haya hujifunza kuacha nafasi. Hutunga ubeti unaoweza kukaliwa na zaidi ya mtu mmoja. Haji Gora alipoandika “Kimbunga”, alikuwa na mazoea hayo ya ngano na ya taarab kwa pamoja, na inaonekana kwetu kuwa kulitafutia shairi mwenyewe mmoja ni sawa na kumkataza msikilizaji wa pili asiinuke kutunza kwa sababu wa kwanza amekwisha kufanya hivyo.

Pamoja na hayo, kinachomfaa mtunzi akiwa hai kinamwumiza mwanahistoria wa fasihi. Mtunzi akishafariki, wimbo usiotajwa jina lake huingia katika mali ya wote, na baada ya kizazi kimoja hakuna awezaye kusema kwa yakini kuwa maneno haya ni ya Haji Gora na yale si yake. Nyimbo hizo bado zinaimbwa na kupigwa maharusini, kuanzia Malindi hadi Michenzani na Amani. Zinajulikana kwa waimbaji na kwa vikundi. Kwa mtunzi wake, nyingi hazijulikani.

Lugha ya wanyama, lugha ya Nabii

Utenzi wa visa vya Nabii Suleiman bin Daudi unaweza kuonekana kuwa umekaa mbali na ngano, kwa kuwa ni kazi ya kidini na Mwislamu haviiti visa vya mitume kuwa ngano. Tofauti hiyo ni ya msingi na haifai kufutwa. Hata hivyo uteuzi wa Nabii huyu, miongoni mwa mitume wote, una maana kwa mtunzi wa aina hii. Suleiman ndiye aliyefunzwa lugha ya ndege. Katika Sura ya 27 ya Kurani, An-Naml, mdudu chungu anawaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na majeshi, naye Suleiman anatabasamu kwa kauli yake. Na ndege hudihudi, aliyekosekana katika gwaride, anarudi na habari za malkia wa Sabaa ambazo mfalme mwenyewe hakuwa nazo. Kiumbe mdogo anamfundisha mwenye nguvu. Katika chuo alichosoma Haji Gora utotoni, kisa hicho kilisomwa kama ukweli. Barazani usiku, sungura alimshinda simba kama uwongo mtamu. Mtoto mmoja alivisikia vyote viwili na alijua kuvitenganisha, na bado vyote viwili vilimzoesha wazo moja, kwamba mnyama anaweza kuwa na neno la kumwambia mtawala. Utenzi nao ni bahari yake ya zamani: mistari mifupi ya kusomwa kwa sauti, mbele ya watu, kwa mahadhi.

Kitumbatu na Kiswahili cha vitabu

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kusimamia usanifishaji huo. Wazanzibari wamezoea kuuelezea uamuzi ule kwa fahari. Mara chache husemwa kwamba “Kiunguja” kilichochaguliwa kilikuwa cha mjini. Kitumbatu cha kaskazini na Kimakunduchi cha kusini, lahaja za kisiwa hicho hicho na za visiwa vya jirani, vilibaki nje ya mlango. Mtoto wa Tumbatu aliyekuja mjini katika miaka ya 1930 alikuja katika mji ambao usemi wake ulikuwa ukigeuka kuwa kipimo cha usemi wa wengine wote, ukiwamo wa kwao.

Kwa mtazamo huo, Kamusi la Kitumbatu la mwaka 2006, lililochapishwa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA), si kazi ya pembeni. (Hata jina lake linasema kwao: Zanzibar hulisema “kamusi la”, ilhali Bara husema “kamusi ya”.) Watafiti wa ushairi huwaachia wanaisimu kamusi hilo, na wanaisimu huwaachia watafiti wa ushairi diwani. Matokeo yake ni kwamba vitabu viwili vya mtu mmoja, kimoja kikiwa na maneno na kingine kikiwa na matumizi ya mwenye maneno hayo, havikutani katika utafiti. Kamusi lililoandikwa na mshairi lina uteuzi wake. Neno linaloingizwa ni neno ambalo mwandishi alihofia kupotea, na hofu hiyo nayo ni data.

Msamiati wa bahari ndio mahali pazuri pa kuanzia. Watumbatu ni watu wa vyombo, na kwa mtu wa chombo cha tanga majina ya pepo na maji si mapambo: kaskazi na kusi zinazogawa mwaka, matlai na umande, bamvua na maji mafu. Jina la diwani ya 2019, Shuwari, hufasiriwa kwa urahisi kuwa utulivu, na linapowekwa mbele ya Kimbunga huonekana kama jibu: dhoruba imepita, mzee amepumzika. Baharia hatalisoma hivyo kwa haraka. Shuwari ni bahari isiyo na upepo. Kwa mwenye ngarawa ya kuvulia karibu, ni siku njema. Kwa mwenye jahazi lenye shehena, ni siku ya kukaa pale pale, tanga limelegea, maji ya kunywa yakipungua, na nchi kavu ikionekana bila ya kufikika. Neno moja lina heri na balaa ndani yake, kutegemea uko katika chombo gani. Ni fumbo jengine lenye nafasi kwa zaidi ya mtu mmoja, na safari hii limewekwa juu ya jalada.

Kazi iliyo mbele ya watafiti

Ikiwa hoja hii ina uzito, basi utafiti juu ya Haji Gora unahitaji vifaa ambavyo tasnifu za uhakiki wa matini hazijazoea kuvitumia. Ngano zake zihitajike kwa sauti, si kwa muhtasari. Ngano iliyoandikwa bila ya vicheko na viitikio vya wasikilizaji, bila ya mahali msimulizi aliponyamaza, ni kama wimbo wa taarab uliochapishwa bila ya kumtaja aliyesimama. Penye kanda au rekodi, iwe mikononi mwa familia, redio au wageni waliopita na vyombo vyao vya kunasia sauti, nakala zake ziwekwe pia Zanzibar, katika maktaba ambazo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar anaweza kuzifikia bila ya kuomba viza.

Kuhusu nyimbo, kazi ni ya haraka zaidi, kwa sababu ushahidi wake uko katika kumbukumbu za watu wazima. Waimbaji na wapigaji wa vikundi vya Unguja wanaweza bado kueleza wimbo gani uliletwa na nani, mwaka ambao kundi lilicheza wapi, na nani aliyeomba. Orodha ya namna hiyo haihitaji nadharia yoyote. Inahitaji daftari, subira, na adabu ya kukubali kwamba baadhi ya walioomba nyimbo hawatapenda kutajwa, hata leo. Mtafiti atalazimika kumrudishia mtunzi jina lake bila ya kufichua siri ya mwombaji.

Na kuhusu lugha, diwani zisomwe pamoja na kamusi mikononi mwa wasemaji wa Gomani na Jongowe. Yapo maneno ambayo mhariri wa kitabu cha skuli huyaeleza katika faharasa kuwa ni “ya kishairi” au “ya kale”. Msomaji wa Jongowe anaweza kuyaona kuwa si ya kishairi wala si ya kale, kwani huyatumia kila siku anapoteremka pwani kungojea maji yajae.